Hub van Doorne: Alichekwa kwa mkanda wa mpira, langalanga wakaja kuuogopa

MTAJIE shabiki wa soka jina la Eindhoven, kichwani inakuja PSV. Timu ya kiwanda cha Philips, iliyoanzishwa 1913, mabingwa wa Ulaya 1988 chini ya Guus Hiddink, klabu iliyowachukua Wabrazili wawili, Romario na baadaye Ronaldo, na kuwaachia wafunge watakavyo.

Lakini Eindhoven ina jina jingine ambalo Mtanzania analiona kila siku bila kulitafakari. Kaa pale Chalinze au Mikumi nusu saa tu, hesabu malori yanayokata kuelekea Tunduma. Yale yenye herufi tatu usoni, DAF, yanatoka kwenye mji huohuo wa PSV. Na mwenye herufi hizo alikuwa mtoto wa mhunzi, Hubertus van Doorne, ambaye kila mtu alimwita Hub.

Leo hatumzungumzii kwa sababu ya malori. Tunamzungumzia kwa sababu ya ule ubishi usioisha vijiweni: gari dogo la mwendo liwe la gia za mkono au la auto? Wapo wanaoapa kwamba gari la auto si gari, ni kiti chenye magurudumu. Dereva hakanyagi klachi, hachomeki gia, sasa anafanya nini mle ndani? Wapo wanaojibu kwamba mkono ulioshika usukani muda wote una faida kuliko mkono unaohangaika na fimbo ya gia.

Mzee Hub aliingia kwenye ubishi huo zaidi ya miaka 60 iliyopita. Alichekwa sana. Mpira uliomletea kicheko si huu wa miguu, ni mpira wa mkanda, kama ule unaouona kwenye mashine ya kusaga. Na stori yake ina mambo ambayo shabiki yeyote wa michezo atayaelewa haraka: kudharauliwa, kwenda uwanjani kujibu, kupoteza timu uliyoijenga, halafu kushinda wakati wewe mwenyewe hupo tena.

KIJANA WA KARNE

Umri wa Hub haukusumbui kuhesabu. Alizaliwa Januari 1, 1900, kwa hiyo mwaka na umri wake vilitembea pamoja. Kijiji alichozaliwa kinaitwa America. Si ile ya Trump na Obama, hapana. Ni kijiji cha jimbo la Limburg, kusini mashariki mwa Uholanzi, sehemu ya mashamba na udongo.

Baba yake alikuwa mhunzi, na mtoto akakulia kwenye moto na nyundo. Hakupita chuo kikuu. Alichokuwa nacho ni jicho la kuona chuma kinavyotaka kukaa, na mikono isiyoogopa kufungua kitu ambacho hajawahi kukiona.

Mikono hiyo ndiyo iliyomtoa. Eindhoven kulikuwa na mkurugenzi wa kiwanda cha bia aliyeitwa Huenges, tajiri mwenye gari la Kimarekani aina ya Stearns-Knight. Gari lile lilikuwa na injini ya ajabu ajabu, likimsumbua. Hub akalishika, likatengemaa. Kama ujuavyo, tajiri akishapata fundi wa kumwamini hamwachi. Huenges akatoa mtaji, akatoa na sehemu ya eneo la kiwanda chake cha bia, na Aprili 1, 1928 Hub akafungua karakana yake. Mdogo wake, Wim, akaingia naye upande wa biashara. Hub fundi, Wim hesabu. Kila mmoja na namba yake uwanjani.

Mwanzo walichomelea na kufua vyuma tu, kazi za mtu yeyote mwenye pesa. Hali ya uchumi wa dunia ilipoharibika mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakageukia matrela. Mwaka 1932 kampuni ikabeba jina la kiwanda cha matrela cha Van Doorne, na kwa Kiholanzi kifupi chake ndicho hicho DAF. Mwaka 1935 Hub na kapteni mmoja wa jeshi, Van der Trappen, wakatengeneza mfumo ulioitwa Trado, wa kuligeuza lori la kawaida liwe na magurudumu zaidi ya kuvuta nyuma, lipite kwenye matope. Baada ya vita, mwaka 1949, yakaja malori kamili. Hub ana miaka 49, ana kiwanda kikubwa, ana jina. Mtu mwingine angepumzika.

MTU MZIMA AANZA UPYA

Yeye hakupumzika. Kichwani mwake kulikuwa na gari dogo.

Uholanzi ya baada ya vita ilikuwa nchi ya baiskeli. Watu wengi walikuwa hawajawahi kumiliki gari, na wengi walikuwa hawajui kuendesha. Kikwazo kikubwa cha mwanafunzi wa udereva kinajulikana dunia nzima: klachi. Gari linaruka kama chura, linazima katikati ya makutano, nyuma watu wanapiga honi. Hub akajiuliza kwa nini mtu afundishwe kucheza ngoma ya miguu mitatu wakati ana miguu miwili tu.

Magari ya auto yalikuwepo, ila yalikuwa makubwa ya Kimarekani. Auto ya wakati ule ilikula nguvu na mafuta, na injini ndogo isingeibeba. Ndipo akaja na jibu lililoonekana la kitoto: mikanda.

Ifikirie baiskeli ya gia. Mnyororo ukikaa kwenye meno madogo au makubwa, uzito wa kukanyaga unabadilika. Sasa toa meno. Weka puli mbili zenye umbo la koni zinazotazamana, katikati yake pita mkanda. Koni zikisogeleana, mkanda unapanda juu na kuzunguka duara kubwa. Zikiachana, mkanda unazama ndani na kuzunguka duara dogo. Puli moja ikibana, nyingine inaachia. Hakuna gia ya kwanza wala ya pili. Gia za mkono ni ngazi, unapanda kidato baada ya kidato. Hii ya Hub ni mwinuko wa sakafu ya hospitali wanaopitishia viti vya wagonjwa, unapanda bila kidato.

Akaiita Variomatic. Vyuma vidogo vinavyotanuka kwa mzunguko, pamoja na mvuto wa hewa ya injini, ndivyo vilivyosogeza zile koni. Dereva alikuwa na kazi mbili tu, mafuta na breki.

Februari 1958, kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, DAF 600 ikatambulishwa. Hub alikuwa na miaka 58. Injini ya silinda mbili, cc 590, nguvu farasi 22, mwendo wa mwisho kama kilomita 90 kwa saa. Kwa namba hizo halikuwa gari la mbio. Lakini lilikuwa gari dogo la kwanza kuundwa kwa wingi likiwa na giaboksi isiyo na vidato, na watu waliojiona hawawezi kuendesha wakaanza kuendesha.

KICHEKO

Na hapo ndipo dharau ilipoanzia.

Kwa sababu kila mtu aliweza kuliendesha, likageuka gari la watu wasiojua gari. Waholanzi walilipa majina ya kejeli, mengi yakiwalenga akina mama watu wazima. Mikanda ya Hub ikafananishwa na mpira wa kushikilia soksi za wanawake. Mwanamume mwenye kujiheshimu alitakiwa ashike fimbo ya gia.

Kilichoongeza utani ni rivasi. Kwenye Variomatic, kurudi nyuma kulipitia mikanda ileile na koni zilezile, kwa hiyo gari liliweza kurudi nyuma kwa kasi ileile ya kwenda mbele. Baadaye Waholanzi walifanya hata mashindano ya kurudi rivasi kwa DAF, magari yakigongana na kubinuka huku watazamaji wakivunjika mbavu. Burudani kweli, lakini kwa fundi aliyeumiza kichwa miaka, hilo si jina ambalo ungetamani kazi yako ibebe.

Tuwe wakweli, wabishi wa gia za mkono hawakukosa hoja. Mkanda wa mpira ulichakaa na kulazimu kubadilishwa. Ulikuwa na mwisho wa nguvu unazoweza kubeba, ukizidisha unateleza na kuungua. Sauti nayo ilikera: ukikanyaga mafuta injini inapanda mpaka juu na kubaki hapohapo ikilia mlio mmoja, huku gari ndiyo kwanza linakusanya mwendo. Sikio la dereva limezoea kusikia injini ikipanda na kushuka kwa kila gia. Kwenye DAF, sikio liliambiwa kitu kimoja na mgongo ukaambiwa kingine. Kwa mtu anayependa kuendesha, hiyo ni kama kuangalia mechi ambayo sauti ya mtangazaji imechelewa.

JIBU LATOLEWA UWANJANI

Dawa ya dharau kwenye michezo ni moja, ingia uwanjani.

Katikati ya miaka ya 1960, wakati Hub mwenyewe anakaribia kuachia kiti cha uongozi, kampuni iliamua kuipeleka Variomatic kwenye Formula 3. Haya ni magari ya kiti kimoja, mepesi, injini za cc 1,000, shule ya vijana wanaotafuta njia ya kwenda langalanga. Kila gari gridi nzima lina fimbo ya gia. Moja tu lina mikanda.

Waliolikalia ni pamoja na Mwingereza Mike Beckwith na kijana wa Kiholanzi Gijs van Lennep. Shika hilo jina la pili. Van Lennep baadaye alishinda saa 24 za Le Mans mara mbili, 1971 akiwa na Helmut Marko, yuleyule mzee aliyekuja kuwa maarufu pale Red Bull, na 1976 akiwa na Jacky Ickx. Hakuwa dereva wa kubabaisha.

Kwa nini mkanda uliingia kwenye mbio? Angalia kinachotokea mtu akibadili gia kwa mkono. Anaachia mafuta, anakanyaga klachi, anachomeka, anaachia klachi, anarudi kwenye mafuta. Katika muda huo mfupi, injini haisukumi gari. Zidisha kwa kila kona, kwa kila mzunguko. Variomatic haikuwa na huo mwanya. Injini ndogo ilishikiliwa palepale ilipo na nguvu zake zote, na gari likaendelea kuvutwa bila kukatika. Halafu kila tairi la nyuma lilikuwa na mkanda wake. Tairi moja likikosa mshiko kwenye maji, lingine liliendelea kufanya kazi. Siku za mvua, gari la kuchekwa liliwatia wenzake wasiwasi.

Halikutwaa ubingwa wa Formula 3, wala tusilipambe kwa sifa ambazo halikupata. Ila lilifuta ule usemi kwamba mkanda haufai kwenye mbio.

Jibu la pili lilihitaji ngozi ngumu zaidi. Novemba 24, 1968, magari yaliondoka Crystal Palace, London, kuanza mashindano ya kwenda Sydney, Australia. Kilomita kama 16,000. Ulaya, Uturuki, Iran, Afghanistan, kushuka mpaka Bombay, kupanda meli hadi Fremantle, kisha kukatiza Australia yote. Barabara za mawe, vumbi na milima, usiku na mchana.

DAF ikapeleka DAF 55. Hili lilikuwa gari dogo lenye injini ya Renault ya silinda nne, cc 1,108. Kwa ukubwa wa injini, ni jirani na Vitz ya cc 1,000 unayoiona Kariakoo. Mmoja wa madereva alikuwa Rob Slotemaker, bingwa wa kuchezea gari kwenye utelezi, mwenye shule ya kufundisha hilo pale Zandvoort. Ukitaka mtu wa kuulizwa kuhusu mshiko wa tairi, ni yeye.

Mshindi alikuwa Mskoti Andrew Cowan kwenye Hillman Hunter, gari la gia za mkono. Slotemaker hakupanda jukwaani. Lakini alifika. Mikanda ile ya mpira, ile ya soksi za akina mama, ilivuka nusu ya dunia huku magari mengi makubwa yakifia njiani. Kampuni ikajua thamani ya hilo, na magari madogo ya DAF yenye nguvu iliyoongezwa yakauzwa kwa jina la Marathon. Sasa kijana angeweza kununua koupe ndogo ya milango miwili, ya auto, yenye jina la mashindano ubavuni, bila aibu.

Mwaka 1971 Jan de Rooy, naye Mholanzi, akaingiza kwenye mbio za rallycross koupe ya DAF iliyofanyiwa maarifa, mikanda ikivuta magurudumu yote manne. De Rooy ndiye aliyekuja kushinda Dakar 1987 upande wa malori, akiwa na DAF vilevile.

TIMU YAUZWA

Sasa sehemu inayouma.

Kushinda hoja na kushinda biashara ni vitu viwili. DAF ilikuwa kampuni ndogo kwenye ligi ya wakubwa. Ilikuwa imejenga kiwanda kipya cha magari madogo pale Born, Limburg, jimbo alilozaliwa Hub, ambako migodi ya makaa ya mawe ilikuwa inafungwa na wachimbaji wanahitaji kazi. Kutengeneza gari jipya kulihitaji pesa ambazo mauzo hayakuleta. Mwaka 1972 Volvo ya Sweden ikanunua theluthi moja ya kitengo cha magari madogo. Mwaka 1975 ikachukua asilimia 75. Gari lililoitwa DAF 66 likatoka kiwandani likiwa na jina la Volvo 66. Umbo lilelile, mikanda ileile, nembo tofauti.

Shabiki wa mpira anaijua hiyo hali. Unaamka asubuhi klabu ya mtaani kwenu ina mwenye mali mpya na jezi mpya, wachezaji walewale. Malori yalibaki na jina la DAF. Gari dogo, lile alilolianza akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 50, lilikwenda.

Hub hakukaa akalia. Mwaka uleule wa 1972 ambao Volvo waliingia, yeye akiwa na miaka 72, ilianzishwa kampuni nyingine ndogo mjini Tilburg, Van Doorne's Transmissie, kwa kazi moja: kuurekebisha ule mkanda. Wabishi walisema mpira haubebi nguvu? Sawa. Tutauondoa mpira.

Mkanda mpya ulikuwa wa chuma. Chukua mamia ya vipande vyembamba vya chuma, vipange kama slesi za mkate, vishikwe pamoja na pete nyembamba za chuma zinazojikunja. Halafu likafanyika jambo linalopingana na akili ya kawaida. Mkanda wote tuujuao unafanya kazi kwa kuvuta, kama kamba. Huu unafanya kazi kwa kusukuma. Kipande kinasukuma kipande mwenzake kama mabehewa ya treni linaporudi nyuma, mpaka nguvu inafika puli ya pili. Ukifungiwa ndani ya boksi lenye mafuta, ulibeba mzigo ambao mpira usingeota kuubeba.

Ilichukua muda. Kutengeneza mmoja kwenye karakana ni kitu kimoja, kutengeneza malaki yanayofanana ni kitu kingine. Mei 23, 1979, mkanda wa chuma ukiwa bado haujafika kwenye magari ya watu kwa wingi, Hub van Doorne alifariki Deurne, karibu na Eindhoven, akiwa na miaka 79. Mwaka huohuo Slotemaker naye alifia Zandvoort, uwanja wa mbio alioujua kama sebule yake.

BAADA YA KIFO

Mwaka 1987 mkanda wa kusukuma ukaingia kwenye magari ya kawaida: Subaru Justy, Ford Fiesta, Fiat Uno. Yote madogo, kama alivyotaka mzee. Miaka 8 tangu azikwe.

Kisha likaja jambo ambalo kwa watu wa michezo ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1993 timu ya Williams ilikuwa inatawala langalanga, yaani Formula 1. Gari lao, FW15C, lilijaa kompyuta, na Alain Prost alikuwa njiani kutwaa ubingwa nalo. Pembeni, bila kelele, Williams wakishirikiana na watu wa Tilburg walifunga giaboksi ya mkanda kwenye gari hilo, na dereva wa majaribio David Coulthard akalizungusha uwanjani. Waliolisikia walishangaa. Gari la langalanga lilikuwa linaingia na kutoka kona kwa mlio mmoja usiopanda wala kushuka, kama DAF ya bibi fulani wa Eindhoven, ila lenye mamia ya nguvu farasi.

Halikuwahi kushindana. Kanuni za 1994 zilitaka gia ziwe na idadi maalumu, vidato vinavyohesabika, na giaboksi ya mwinuko ikapigwa marufuku pamoja na misaada mingine ya kielektroniki.

Mtu wa soka ataelewa. Mwaka 1992 kipa alikatazwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Si kwamba mabeki walikuwa wanatenda kosa. Walikuwa wamepata njia nzuri mno, mchezo ukawa unakufa. Wakubwa wa langalanga nao walitaka mashindano yabaki ya dereva kuliko ya mashine. Unaweza kukubaliana nao. Ila huwezi tena kusema mkanda ni wa watu wasiojua gari. Kitu cha akina mama watu wazima hakitungiwi kanuni ya kukizuia kwenye langalanga.

UBISHI UMEFIKA WAPI

Mwaka 1995 Bosch ya Ujerumani ikainunua kampuni ya Tilburg. Magari madogo ya Kijapani, yale yanayoshuka bandari ya Dar es Salaam kila wiki, mengi yana mkanda wa kusukuma tumboni. Vitz nyingi za auto, Nissan March, Honda Fit. Dereva wa teksi mtandao anayekupeleka Mbezi huku mkono mmoja upo dirishani anakanyaga wazo la mtoto wa mhunzi. Na anayepeleka gari hilo gereji na kujazwa mafuta ya giaboksi yasiyo yake, akaanza kusikia mlio na mtetemo, naye anauonja upande wa pili wa wazo hilohilo. Mkanda huu unadai mafuta yake maalumu, hautaki ubishi.

Kwenye magari madogo ya mwendo, hata hivyo, wenye fimbo hawajasalimu amri. Mwaka 2000 hivi, Waingereza waliuza koupe yao ndogo ya wazi, MGF, ikiwa na giaboksi ya mkanda ambayo kompyuta iliigawa katika gia 6 za bandia, ili dereva ajisikie anabadilisha kitu. Fikiria, fundi anatumia maisha yake kuondoa vidato, halafu wanunuzi wanaomba virudishwe hata kama ni vya uongo. Mazda MX-5 bado inapendwa kwa fimbo yake. Toyota GR Yaris, ndugu mkorofi wa Vitz, ilikuja 2020 ikijulikana kwa gia zake za mkono, na ilipofika 2024 ikaongezwa ya auto ya vidato 8. Na pale Naivasha kwenye Safari Rally, magari ya daraja la juu bado yana fimbo ambayo dereva anaivuta kwa mkono wake.

Kwa hiyo nani alishinda? Inategemea unaulizia nini. Ukiulizia kipi kinaipa injini ndogo nafasi ya kutumia nguvu zake zote bila kupoteza hata sekunde, Hub alikuwa sahihi tangu Formula 3, na Williams walithibitisha. Ukiulizia kipi kinampa mtu raha ya kujua kwamba kona ile ameipita vizuri kwa mkono na mguu wake mwenyewe, wenye fimbo wana haki yao, na hakuna mkanda utakaowanyang'anya. Hayo ni maswali mawili, na ubishi wa vijiweni hauishi kwa sababu kila mmoja anajibu swali la mwenzake.

Hub hakutengeneza Variomatic ili amnyang'anye mtu fimbo. Alitaka aliyeshindwa na klachi naye aingie barabarani. Hilo lilitimia, akalipiwa kwa kicheko.

Pale Eindhoven, karakana ya mwanzo kwenye eneo la kile kiwanda cha bia bado ipo, sasa ni makumbusho ya DAF. Siku PSV ikikuleta mjini kwa mechi ya Ulaya, ingia na pale. Utayakuta yale magari madogo yamepangwa, safi, hakuna hata moja lenye pedali ya klachi.